Hekalu, Kijiji na Kipepeo: Kwa Nini Simu Yako Inakuangusha Safarini

Tuseme umepata siku nne za mapumziko. Unatoka Kawe, unapanda basi la Tanga pale Magufuli, unashuka Muheza, halafu unapanda mlima kwenda Amani. Ukirudi, simu yako itakuwa na picha za aina tatu. Za kwanza utakuwa umezipiga kabla hata hujaondoka Dar, kwenye mahekalu ya Wahindu mtaa wa Kisutu, ambako wengi wetu tunapita mbio bila kuinua macho. Za pili ni za maisha ya kijijini: wanawake wanaanika iliki, watoto wanachota maji, mzee amekaa kibarazani. Za tatu ni za vipepeo. Hizo za tatu, nakuhakikishia, nyingi zitakuwa picha za majani ambayo kipepeo alikuwa ametua sekunde moja iliyopita.

Watu wengi wakiona picha zimetoka vibaya wanalaumu simu. "Ningekuwa na kamera kubwa…" Ndiyo, kamera kubwa inasaidia. Lakini ukielewa mwanga unafanya nini katika mazingira haya matatu, hiyo hiyo simu uliyonayo mfukoni itakupa picha utakayojivunia. Na kwa upande wa vipepeo kuna jambo zaidi ya kujivunia, tutalifikia.

Ndani ya hekalu: ndoo na mvua

Tuanze na Kisutu. Nje ni saa sita mchana, jua linachoma. Jua la namna hiyo linafikisha karibu laksi 100,000, laksi ikiwa ni kipimo cha mwanga unaoangukia sehemu fulani. Unavua viatu, unaingia ndani. Kuna taa chache, mishumaa au vitaa vya mafuta, maua, na sanamu zilizopambwa kwa nguo zinazong'aa. Jicho lako linahangaika kidogo, kisha linazoea, na unaona kila kitu vizuri tu. Lakini chumba chenye taa za kawaida kina laksi 100 au 200 hivi. Yaani umepoteza mwanga karibu mara elfu moja kwa kupiga hatua tano.

Jicho halikwambii hilo kwa sababu lina ujanja wake. Mboni inapanuka, na chembe za nyuma ya jicho zinaongeza usikivu wake polepole, kazi ambayo gizani huchukua hata nusu saa kukamilika. Kamera haina subira hiyo. Kama nje ilihitaji sehemu moja ya elfu ya sekunde kukusanya mwanga wa kutosha, humu ndani, kwa mpangilio ule ule, itahitaji sekunde nzima. Nani anaweza kushika simu sekunde nzima bila mkono kutikisika?

Kwa hiyo simu inafanya njia ya mkato: inakusanya mwanga kidogo halafu inaukuza. Hapo ndipo chenga zinapotokea. Fikiria umepanga ndoo mia uani kukinga mvua. Mvua ikiwa kubwa, kila ndoo inapata karibu kiasi sawa na jirani yake. Ikiwa manyunyu ya dakika moja, ndoo hii itapata matone sita, ile matone kumi na moja, nyingine matatu, kwa bahati tu. Kila nukta ya picha yako ni ndoo, na mwanga unakuja kwa matone. Kihesabu, nukta ikipokea matone 100, bahati nasibu inayumbisha idadi hiyo kwa 10 hivi, sawa na asilimia 10. Ikipokea 10,000, inayumba kwa 100, asilimia 1 tu. Chenga unazoziona ukutani mwa hekalu kwenye picha yako ni bahati nasibu hiyo, na simu ikiukuza mwanga inakuza na chenga zake.

Ule mpangilio wa usiku kwenye simu nyingi za sasa unatumia hesabu hiyo hiyo kwa faida yako. Simu inapiga picha nyingi za haraka haraka, inazipanga moja juu ya nyingine, halafu inachukua wastani. Picha tisa zikiunganishwa, chenga zinapungua hadi theluthi. Ndiyo maana unaambiwa utulie. Egemea nguzo, bana viwiko kwenye mbavu, shusha pumzi, bonyeza. Ila kumbuka kwamba wastani huo unafaa kwa vitu visivyosogea. Mtu anayezungusha taa mbele ya madhabahu wakati wa ibada atatokea kama moshi.

Flashi usiwashe. Kwanza inaua rangi yote ya mwanga wa mafuta, ambao ndio uliokuvutia. Pili, na hili ndilo kubwa, pale si makumbusho. Mahekalu mengi hayaruhusu kabisa kupiga picha sehemu ya ndani penye sanamu, na kuna saa ambazo pazia hufungwa. Muulize mhudumu mlangoni kabla hujatoa simu. Akikataa, nje bado kuna michongo, rangi na milango ya kutosha. Ukienda Unguja, pita Hurumzi, Mji Mkongwe, utaona jinsi hekalu linavyokaa katikati ya vichochoro kana kwamba lilizaliwa hapo.

Uso na anga

Kijijini tatizo linageuka. Mwanga upo tele, lakini umekaa vibaya.

Umemwomba mzee picha, amekubali, amesimama mbele ya nyumba yake na nyuma yake kuna anga jeupe. Unabonyeza. Anga limetoka safi, mawingu yote yanahesabika, na mzee amekuwa kivuli chenye kofia. Kisa ni kwamba kamera haijui inaangalia nini. Kipima mwanga chake cha msingi kinadhani kwamba dunia, ukiichanganya yote, inatoa rangi ya kijivu cha kati, kitu kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Anga linapojaza nusu ya picha, kamera inasema "hapa pameng'aa mno," inapunguza mwanga, na ngozi nyeusi ndiyo inayolipa gharama.

Jambo hili lina historia isiyopendeza. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke Mzungu. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Sisi wengine tulitoka tunavyotoka. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliliandika suala hilo mwaka 2009, na moja ya mambo aliyoyakuta kwa watu waliofanya kazi Kodak ni kwamba msukumo wa kuboresha filamu kwa rangi za kahawia ulitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri kwenye matangazo. Chokoleti! Simu za leo zimeendelea mbali, lakini ukizoea kuacha mashine iamue kila kitu, utaendelea kupata bibi zako wakiwa vivuli.

Dawa yake ni rahisi. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, kamera ipime mwanga hapo, kisha telezesha kidole juu kuongeza mwanga kidogo. Anga litaungua, liache liungue. Au bora zaidi, mwombe asogee chini ya mwembe, mgongo wake ukitazama ukuta au majani. Kivuli cha mti kinatandaza mwanga laini usoni, na hata mikunjo ya ngozi inapata heshima yake.

Hapa niseme kidogo kuhusu ruhusa. Kijijini hupigi tu picha na kuondoka. Unaanzia ofisi ya kijiji, unajitambulisha kwa mwenyekiti au mtendaji, unaeleza umefuata nini. Halafu kwa kila mtu, salamu kwanza. Pale chini ya milima ya Usambara Mashariki nilimwamkia bibi mmoja, nikamwomba picha. Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Na hiyo picha inakwenda kukaa wapi?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini bibi hakuhitaji sheria kulijua hilo. Kuwa na jibu la kweli kabla hujaulizwa, na kama umeahidi kumletea nakala, isafishe umpelekee, usiiache ikae kwenye simu yako miaka mitano.

Saa moja asubuhi, kipepeo hana mbio

Sasa tufike penyewe.

Kipepeo hajitengenezei joto la mwili kama wewe. Misuli ya kurukia iliyo kifuani mwake inahitaji kupata joto kwanza, kwa spishi nyingi karibu nyuzi 30 za sentigredi, ndipo iweze kupiga mabawa sawasawa. Alfajiri ana baridi. Anachofanya ni kutafuta jani lililopata jua, kutandaza mabawa na kutulia kama nguo iliyoanikwa. Huo ndio muda wako. Amani iko kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, asubuhi kuna ukungu, kwa hiyo unaweza kuwakuta wametulia hadi saa mbili na nusu, saa tatu. Kawe kwetu joto linapanda mapema. Ikifika saa mbili wengi wameshaanza safari zao, hivyo amka. Ukitoka saa saba mchana na kuanza kuwakimbiza kwenye majani, unafanya mazoezi ya viungo tu.

Namna ya kumkaribia ina sababu zake pia. Macho yake yameundwa kwa vijicho vingi vidogo, hayaoni kwa undani kama yako, lakini kwa mambo yanayosogea yana kasi kukuzidi. Kwa hiyo usinyooshe mkono ghafla. Inama, sogea polepole kwa mstari mmoja, na angalia kivuli chako kisimpite, maana kivuli kwake ni ndege anayekuja kula. Ukisogea kidogo kidogo utashangaa atakavyokuacha ufike.

Sehemu ya pili ya kuwapata ni matopeni. Ukitembea karibu na Mto Zigi, kwenye lango la chini la hifadhi, au popote kijito kinapokatiza barabara ya udongo, utaona kundi la vipepeo limejazana kwenye mchanga uliolowana, wananyonya. Maji siyo yanayowavuta, chumvi ndiyo. Majani na nekta vina sodiamu kidogo sana, na wengi wa wanaonyonya pale ni madume. Kwa baadhi ya spishi imethibitika kwamba dume humkabidhi jike chumvi hiyo wakati wa kujamiiana, nayo huingia kwenye mayai. Kipepeo aliyezama kwenye shughuli hiyo hana habari na wewe. Hata jasho lililokauka kwenye mkanda wa begi lako linaweza kumvuta.

Umefika karibu, sasa upige vipi? Kadiri lenzi inavyokaribia kitu, eneo linaloonekana vizuri linakuwa jembamba. Kwa kamera kubwa yenye lenzi ya vitu vidogo, ukipiga kipepeo kwa ukubwa wake halisi, eneo hilo linaweza kuwa milimita moja au mbili tu. Jicho likiwa safi, ncha ya bawa imeyeyuka. Simu ina unafuu kwa sababu kihisi chake ni kidogo, lakini kanuni ni ile ile. Suluhisho ni jiometri: bawa ni bapa, simu ni bapa, basi ziweke sambamba. Kama amefunga mabawa, mpige ubavuni. Kama ameyatandaza, mpige kutoka juu. Na ukitaka kumnasa akiruka, unahitaji muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini yake, ambao jua la asubuhi linakupa bure.

Piga pande zote mbili za mabawa. Hili si pambo, ni utambuzi. Chukua yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, ambaye umemwona mara elfu kwenye vichaka vya pembezoni mwa barabara. Huyo ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, naye anaiweka sumu hiyo mwilini. Ndege akimwonja mara moja, hatamrudia. Lakini kuna jike wa spishi nyingine kabisa, Hypolimnas misippus, asiye na sumu, ambaye amevaa sare ile ile. Ndege anadanganyika, na wewe utadanganyika. Siri iko kwenye bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati, wakati mwigaji ana doa moja tu karibu na ukingo wa mbele. Dume lake wala halifanani naye, ni jeusi lenye madoa makubwa meupe. Picha ya bawa la mbele peke yake haikwambii umempiga nani.

Usambara kuna bingwa wa mchezo huu, Papilio dardanus. Dume lina rangi ya njano hafifu na mikia miwili mirefu. Majike wanakuja na sura kadhaa tofauti, kila moja ikiiga spishi nyingine yenye sumu, na wengi wao hata mikia hawana. Mwaka 1869 Roland Trimen, akifanya kazi Afrika Kusini, alipoandika kwamba majike hao wote na dume lile ni spishi moja, kulikuwa na wataalamu waliokataa kuamini. Baadaye watu walifuga mayai ya jike mmoja, yakatoka ya sura tofauti, ubishi ukaisha.

Na kuhusu rangi ya bluu: ukimpiga picha Junonia hierta, yule mdogo wa njano na nyeusi mwenye doa la bluu linalowaka kwenye bawa la nyuma, badilisha pembe kidogo kidogo uone linavyobadilika. Njano ni rangi ya kawaida, kama ya nguo. Bluu haina dawa ya rangi. Ni magamba membamba kiasi kwamba mwanga unaorudi kutoka tabaka la juu na la chini unaongezeana kwa bluu na kufutana kwa rangi nyingine. Ni jambo lile lile linalotokea kwenye povu la sabuni.

Wanaoishi na vipepeo

Ukifika vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Amani utakuta vibanda vya neti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji huko wamekuwa wakifuga vipepeo: wanaweka jike kwenye neti na mmea unaofaa, wanakusanya mayai, wanalisha viwavi, na wanauza pupa. Pupa hali, hatembei, anaweza kufungwa kwenye pamba na kusafirishwa kwa ndege, akatoka kipepeo kwenye nyumba ya maonyesho Ulaya au Marekani. Kenya walikuwa wameanza mradi kama huo Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mwaka 1993, na Unguja kuna kituo cha vipepeo kijiji cha Pete, karibu na Jozani. Uzuri wa biashara hii ni kwamba viwavi wengi ni wachaguzi wa chakula. Kila spishi ina mimea yake, na mimea hiyo ni ya msitu ule ule. Mkulima wa vipepeo ana sababu ya mfukoni ya kutaka msitu ubaki.

Mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Lengo lilikuwa kukomesha magendo ya wanyama, lakini pupa nao wakahesabiwa humo. Kwa maoni yangu, kuweka kiumbe anayezaliana kwenye neti kwa mamia kapu moja na twiga au nyani kulikuwa ni kukata kwa panga kitu kilichohitaji wembe. Ndiyo maana nakuomba ukienda huko usiishie kupiga picha za bure barabarani. Lipa kiingilio cha hifadhi, chukua mwongozaji wa kijijini, omba kuonyeshwa neti. Yule mama anayefuga ataweza kukuonyesha yai lisilozidi kichwa cha pini chini ya jani ambalo ungelipita mara kumi. Na tafadhali, usimwombe mtu akuwekee kipepeo kwenye friji ili atulie upate picha. Wapo wanaofanya hivyo. Kipepeo aliyepoozwa anaonekana kwenye picha: antena zimelegea, miguu haijashika kitu.

Kisha picha ipeleke mahali itakapofanya kazi. Kuna jukwaa linaitwa iNaturalist, lililoanza mwaka 2008 kama mradi wa kumalizia shahada ya uzamili wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley (wenzangu wa tasnifu, mnasikia?). Unapandisha picha, tarehe na mahali, watu wengine wanasaidia kutambua spishi, na kumbukumbu iliyothibitishwa inaingia kwenye hazina ya data inayotumiwa na watafiti duniani. Kitabu kikuu cha vipepeo wa nchi yetu, cha Jan Kielland, kilitoka mwaka 1990. Tangu hapo Dar imepanuka kwa namna unayoijua. Bonde la Mlalakuwa la mwaka 1990 si la leo, na njia ya kujua nani bado anaishi pale ni mtu kumwona, kumpiga picha na kuandika siku.

Mambo mawili ya kiufundi. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa na imenyang'anywa taarifa za mahali na saa. Tuma kama hati, au pandisha moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyopiga. Na kinyume chake, picha za watoto wa watu na za nyumba zao zizimie taarifa ya mahali kabla hujazisambaza.

Huna nauli ya Tanga mwezi huu? Tafuta mlimao au mndimu, Kawe haikosekani kwenye ua wa mtu. Piga hodi, omba ruhusa, kagua majani machanga. Ukiona kinyesi cha ndege, cheusi na cheupe, mguse taratibu kwa kijiti. Kikitoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa na harufu kali, huyo ni kiwavi wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi na njano anayezunguka mtaani kwenu. Weka simu sambamba na jani, gusa kioo alipo, bonyeza. Andika tarehe.